Je, Yafaa Kumhadaa Mtoto kwa Ajili ya Dini?

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad (s.a.w.), twapenda kuwaeleza wasomaji wetu suala tuliloulizwa Garissa, ambalo hatukuweza kulijibu siku ile ile, na ambalo tangu hapo halijatutoka moyoni.

Tulikuwa tumekwenda huko kwa mwaliko wa jamaa. Baada ya sala ya alasiri alitujia mtu wa makamo, Msomali, akakaa nasi barazani mwa msikiti. Alitueleza kuwa alikimbia kwao akiwa kijana, akaishi miaka mingi katika kambi ya Ifo, kisha akahamishiwa Minnesota huko Marekani, akaoa na kuzaa. Mwanawe wa kwanza alipotimiza miaka kumi na tano alianza kuacha sala, na kurudi nyumbani usiku wa manane, na kumjibu mamake maneno ambayo baba huyu hakuweza kuyatamka mbele yetu. Basi akamwambia: "Likizo hii tutakwenda kuwatembelea bibi na wajomba, ucheze, upumzike, uone ngamia." Walipofika akaichukua pasipoti ya mtoto, akamtia katika nyumba moja ya kurekebishia vijana, kisha akapanda ndege akarudi zake kazini. Mtoto akakaa humo miezi minane. Aliyoyapata hatutayaandika yote. Yatosha kusema kuwa alifungwa mnyororo mguuni, na fimbo aliionja. Bibi yake alipopata habari alikwenda akamtoa. Sasa baba amerudi kumchukua, naye mtoto asali sala zake tano kwa nyakati zake, lakini hasemi na babake. Neno alilomwambia ni moja tu: "Kwa nini ulinidanganya?"

Baba akatuuliza: "Shekhe, mimi nilikusudia dini yake. Je, nimekosa?"

Jambo hili si la mtu mmoja. Wasomali wamelipa jina kwa lugha yao, dhaqan celis, yaani kumrejesha mtu katika mila. Watoto huletwa kutoka Marekani, Uingereza, Sweden na kwingineko, wakaachwa Nairobi, Garissa, Hargeisa au Mogadishu. Wengine huletwa kwa wema wakakaa na jamaa zao wakafaidika, na hao tumewaona kwa macho yetu. Wengine huletwa kwa hila. Hivi sasa ziko nchi za Ulaya, kama Denmark mwaka 2019, zilizotunga sheria ya kumwadhibu mzazi afanyaye hivyo. Lakini sisi hatuulizi hapa hukumu ya Denmark. Twauliza hukumu ya Mwenyezi Mungu, na ya moyo wa mtoto.

Kwanza tumfanyie insafu yule baba, kwani ni rahisi kwa mtu aliyekaa Mombasa au Lamu kumlaumu. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, watu walimiminika mpakani na miguu yao ikivuja damu. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera, kiasi cha kilomita 100 kutoka mji wa Garissa, zilifunguliwa mwaka 1991 na 1992 kwa ajili ya watu 90,000. Mwaka wa njaa wa 2011 waliokuwamo walipindukia 400,000. Mtu aliyelelewa humo hana ardhi wala kazi, hana ruhusa ya kwenda atakako, na kila alicho nacho amepewa kwa mgao. Kimoja tu hakikuwa cha mgao, nacho ni dini yake. Ma'alimu alikaa chini ya mti na mbao za kuandikia, na watoto wakahifadhi Qur'ani juu ya mchanga. Tangu hapo mtu wa namna hiyo akifika nchi ya theluji, dini kwake si jambo moja miongoni mwa mambo yake. Ndiyo mali yote aliyoiokoa. Akiona mwanawe aiangusha njiani huona kama kwamba moto wa Mogadishu umemfuata hadi huko.

Wala wasomaji wetu wasidhani kuwa hii ni habari ya watu wengine. Kambi ya Utange ilikuwa papa hapa Mombasa, na Wabarawa, ambao Chimwini chao ni ndugu wa Kiswahili chetu, walikuja kwetu kwa mashua katika miaka hiyo hiyo. Leo wako London na wako Marekani. Binti mmoja aliyepita katika kambi hiyo ya Utange, Ilhan Omar, aliingia Marekani mwaka 1995, na Januari 2019 aliapishwa katika Bunge la nchi ile akiwa na mtandio wake kichwani, baada ya kubadilishwa kanuni iliyokataza kufunika kichwa humo ndani kwa miaka 181. Hatumtaji kwa kusifu wala kulaumu siasa zake. Twamtaja kwa kuwa watu husema mtoto akifika huko amekwisha potea.

Na wazee wetu je? Wengi wa mababu zetu walitoka Hadhramaut, wakaoa katika pwani hii, na walipoona watoto wao wamezama katika mambo ya huku waliwapeleka Tarim na Seiyun wakasome. Desturi hii ilikuwa mashuhuri, na wengine walirudi wakiwa taa za nchi. Sayyid Ahmad bin Sumayt alizaliwa Ngazija mwaka 1861, akasafiri kwenda Hadhramaut kutafuta elimu, kisha akawa kadhi wa Unguja na mwalimu wa walimu wetu hadi alipofariki mwaka 1925. Hatuwezi basi kusema kuwa kumpeleka kijana katika nchi ya wazee wake ni kosa kwa asili yake. Lakini tazameni tofauti. Aliyekwenda Tarim alikwenda kwa mwalimu mwenye jina na silsila, naye alijua aendako na atakachokisoma. Yule wa leo apelekwa kwa mtu mwenye ufunguo wa lango, ambaye mara nyingi hata tajwidi hana.

Tuje sasa kwenye suala lenyewe, yaani udanganyifu. Yule baba alikuwa amejiandaa kwa hoja. Alisema kuwa Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya At-Tahrim, aya ya 6, tujikinge na Moto sisi na watu wetu. Akasema mtoto akikimbilia shimoni humshiki mkono ukamwomba ruhusa. Akaongeza kuwa wanazuoni wameruhusu uongo wenye maslaha. Hoja hizi si dhaifu, na tusizipite mbio.

Ni kweli kuwa katika hadithi ya Ummu Kulthum bint Uqba, iliyo katika Sahihi ya Muslim, imepokewa ruhusa katika mambo matatu: vita, kusuluhisha watu, na mazungumzo ya mume na mke. Mtoto hakutajwa. Imam Ghazali na Imam Nawawi wamepanua wakasema kuwa kila kusudio jema lisiloweza kupatikana ila kwa uongo, uongo huo huruhusiwa, lakini likiweza kupatikana kwa ukweli, uongo ni haramu. Basi twamuuliza baba: je, ulijaribu ukweli kwanza? Ulimkalisha kijana ukamwambia, "Mwanangu, nakuogopea, nataka uje ukae na bibi yako mwaka mmoja"? Tulipomuuliza hivyo alinyamaza, kisha akasema, "Angekataa." Tukamuuliza, "Ulijuaje?" Akasema, "Najua." Na hapo ndipo penye ugonjwa. Alihukumu bila kuuliza, kwa sababu walikuwa wamekwisha acha kuzungumza tangu miaka mingi.

Mtume (s.a.w.) alikuwa amekaa katika nyumba ya Abdullah bin Amir, naye Abdullah ni mtoto mdogo. Mamake akamwita aje ampe kitu. Mtume akamuuliza mama yule alikusudia kumpa nini, akajibu kuwa ni tende. Akamwambia kuwa lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Hadithi hii ameipokea Abu Dawud. Tazameni, hiyo ni tende moja, na mtoto ambaye labda angesahau baada ya dakika tano. Itakuwaje kwa safari ya kuvuka bahari na miezi minane ya mnyororo?

Na katika Sura ya Yusuf tumesoma walio kuja kwa baba yao wakimtaka Yusuf afuatane nao kesho, ale na acheze, nao wamekwisha kata shauri la kisima. Twajua kuwa kumlinganisha baba mwenye huruma na ndugu wenye husuda si haki, na hatumlinganishi katika nia. Lakini maneno ni yale yale, "ukacheze," na mtoto aliyefungiwa ndani haioni nia ya babake. Aona kisima tu.

Mkabala wake ni Ibrahim (a.s.). Hakuna baba aliyepewa amri nzito kuliko yake, na amri yenyewe imetoka kwa Mola bila shaka yoyote. Lau kungekuwa na mahali pa kumhadaa mtoto ili kutimiza amri ya Mungu, pangekuwa hapo. Angeweza kumwambia twende tukatafute kuni. Walakini Qur'ani, katika Sura ya As-Saffat, yatueleza kuwa alimweleza mwanawe yote aliyoyaona ndotoni, kisha akamtaka atoe rai yake. Naye Nuhu (a.s.), maji yakipanda kama milima, alimwita mwanawe kwa neno la upole, na mwana akakataa, na Mtume wa Mungu hakumfunga kamba akamtupa merikebuni. Sisi hatuna huruma kuliko Nuhu, wala hatuna yakini kuliko Ibrahim.

Ama ule mfano wa shimo, twasema hivi. Mtoto wa miaka mitatu hushikwa mkono, na haidhuru akilia. Lakini kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi, aliyetimiza miaka kumi na tano ya mwezi amekwisha baleghe na kalamu yamwandikia. Sala yake ni yake. Amali ni kwa nia, na nia haiingizwi kifuani mwa mtu kwa fimbo. Baba alituambia kwa fahari kidogo kuwa sasa mtoto hakosi hata alfajiri. Tulimhimidi Mungu kwa hilo, na twatumai ni ya kweli. Lakini hatukuweza kujizuia kumuuliza: akisha kurudi Minnesota, akawa peke yake chumbani, atasali kwa kumwogopa nani?

Ya zile nyumba hatutasema mengi, kwani ubaya wake haumhitaji mufti. Septemba 2019 polisi wa Kaduna, Nigeria, walitoa watu zaidi ya 300, wanaume na watoto, katika nyumba moja iliyojiita chuo cha Qur'ani, wengi wao wakiwa na minyororo. Habari kama hizo, kwa kiasi kidogo, zimesikika pia kwetu Kenya na Somalia. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, yamkinga kila mtoto na ukatili na adhabu isiyo ya kibinadamu. Laiti sisi Waislamu tungekuwa wa kwanza kuzifunga nyumba hizo, kabla ya kungoja polisi. Mtu aliyefundishwa Fatiha chini ya mnyororo, je, kila aisomapo husikia nini?

Lakini tulitaka kujua ugonjwa ulianzia wapi, na hapa ndipo mazungumzo yetu yalipokuwa marefu, hata magharibi ikatukuta. Baba huyu alifanya kazi usiku katika kiwanda cha nyama, akalala mchana. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea kazi tu. Mtoto alipofika miaka minane akawa ndiye mkalimani wa nyumba. Ndiye aliyekwenda na mamake hospitali akamfasiria daktari mambo ambayo mtoto hapaswi kuyasikia juu ya mamake. Ndiye aliyesoma barua za serikali, na ndiye aliyejua kodi ya nyumba imelipwa au haikulipwa. Siku mwalimu wa skuli alipomwita baba kumshtakia mtoto, mkalimani alikuwa mtoto mwenyewe! Baba alicheka aliposimulia hilo, nasi tukacheka, lakini tulipokwisha kucheka tulibaki kimya. Mtoto aliyembeba babake mgongoni tangu utotoni, siku atakapoambiwa "nyamaza, mimi ni babako," huona ajabu.

Na dini je, aliipata kwa lugha gani? Jumamosi na Jumapili alipelekwa dugsi, akahifadhi juzuu tano kwa Kiarabu asichokijua. Aliporudi, baba alimwambia kwa Kisomali: fanya hivi, usifanye hivi. Na katika lugha anayoifikiria, anayoiotea ndoto na kugombana nayo na wenzake, hakuna mtu mzima aliyemweleza kwa nini twasali. Siku moja akiwa na miaka kumi na miwili alimuuliza ma'alimu vipi Mungu mwenye rehema aliacha watu wafe kwa njaa Somalia. Akapigwa kwa fimbo, na baba akamuunga mkono ma'alimu. Hakuuliza tena. Sisi twaona kuwa siku ile ndiyo aliyopotea, ikiwa alipotea, na wala si siku alipoanza kurudi usiku wa manane. Na tumkumbushe msomaji kuwa tangu 2007 zaidi ya vijana ishirini wa Kisomali waliuacha mji wa Minneapolis wakaenda kupigana Somalia. Hao hawakuikimbia dini. Waliitaka, wakaipata kwa mtu wa kwanza aliyekubali kuwajibu.

Katika Sahihi ya Bukhari kuna habari ya Ummu Khalid, binti wa Khalid bin Said. Wazazi wake walikuwa katika wale waliohamia Habasha kuikimbia dhuluma ya Makureshi, wakawa wageni katika nchi ya Wakristo miaka mingi, chini ya mfalme aliyewahifadhi. Binti alikulia huko, na aliporudi Madina alikuwa mtoto mdogo asiyeujua mji ule. Babake akamleta kwa Mtume (s.a.w.) naye amevaa kanzu ya rangi ya manjano. Mtume alipomwona alimwambia "sanah, sanah," neno la Kihabeshi lenye maana ya "nzuri." Kisha mtoto akaanza kuchezea muhuri wa unabii ulio baina ya mabega yake matukufu. Babake akamkemea, na Mtume akasema amwache.

Mkisoma kitabu hicho mtaona wanazuoni wakitoa humo hukumu nyingi. Sisi twaona moja ambayo ni dawa ya wazazi wa Garissa na Minnesota, na ya Mombasa pia. Hapa ni mtoto aliyetoka ughaibuni, na mwenye kumpokea ni mbora wa viumbe. Neno la kwanza la kumkaribisha katika mji wa dini alilitoa katika lugha ya nchi aliyokulia, akaisifu nguo aliyokuja nayo. Hakumwambia vua hiyo, wala hakumwambia sema Kiarabu. Na mzazi alipotaka kumkaripia kwa adabu, Mtume alikuwa upande wa mtoto.

Twajua yatakayosemwa, kuwa lugha ni mila, na mila ikitoka dini hufuata. Jambo hili lina ukweli ndani yake, lakini limewadhuru watu wengi. Kijana yule alipotolewa nyumba ile akakaa mjini, aliona mambo. Aliona wanaume watafuna miraa tangu adhuhuri hadi usiku na sala zikiwapita. Aliona watu wakigombana kwa ukoo wakati wa uchaguzi hata salamu zikakatika. Akamuuliza bibi yake, "Hii ndiyo dini aliyoniletea baba?" Na kwa mabinti ni zaidi. Katika Kaskazini Mashariki, kwa hesabu ya serikali ya mwaka 2014, zaidi ya wanawake 9 katika kila 10 walikuwa wamekeketwa, na mzazi amletaye bintiye "kwenye mila" huenda akamleta kwenye wembe, ingawa sheria ya Kenya imekataza tangu 2011, na ule ukeketaji wa kifirauni hauna asili yoyote katika Kitabu wala Sunna. Au humwoza kwa mtu asiyemjua, na Mtume amesema bikira atakwe idhini. Mzazi wa namna hii hakurudisha dini. Alirudisha mambo ambayo dini ilikuja kuyaondoa.

Twageuka kidogo kwa wenzetu wa hapa pwani. Mtoto wako yuko Kibokoni au Langoni, hajavuka bahari, lakini mfikirie vizuri. Asubuhi husoma Kiingereza skuli, mchana chuoni hukariri, usiku yuko na simu yake, nawe wakati huo uko barazani. Umbali baina yako na yeye huenda si mdogo kuliko ule wa Minnesota na Garissa. Tofauti ni kuwa wewe hukununua tikiti.

Basi jawabu letu kwa yule baba lilikuwa hili. Umekosa. Nia yako twaitumainia kwa Mungu, lakini njia ilikuwa haramu, kwani ukweli ulikuwapo nawe hukuujaribu. Na wewe ni mchunga, utaulizwa juu ya mtoto na juu ya yule uliyemkabidhi. Mrudishie pasipoti yake mkononi mwake. Muulize kama ataka kubaki na bibi yake au kurudi kwa mamake, na akijibu, fuata jibu lake. Usimfikishe tena kwa mtu ambaye wewe mwenyewe hujasoma kwake.

Kisha tukamwambia lililokuwa zito zaidi, kwamba amwombe mwanawe msamaha. Hapo uso wake ulibadilika. Akasema: "Baba kumwomba mtoto msamaha? Kwetu haijapata kuonekana." Tukamwambia kuwa hata kwetu ni nadra, nasi pia tuna watoto ambao hatujawaomba. Lakini haki ya mja haifutwi kwa toba ya usiku peke yake. Lazima mwenyewe asamehe, na sheria haikumtoa katika hukumu hiyo mja ambaye ni mwanao.

Muadhini akaadhini magharibi. Tukasali. Baada ya sala alibaki amekaa safu ya nyuma, karibu na mlango, na kijana wake alikuwa nje akivaa viatu. Tulipopita alitushika kanzu, akatuuliza kwa sauti ya chini amwambie kwa lugha gani. Tukakaa tena, tukamsomea kwa mara ya pili hadithi ya Ummu Khalid.